Damu Kwenye Mswaki: Kutambua Ugonjwa wa Fizi na Wakati Unaofaa wa Kusafisha Meno kwa Kina

Wagonjwa wengi wa fizi hufika kwa tabibu wa meno siku ambayo jino limekwisha kulegea. Kufikia siku hiyo, ugonjwa una historia ndefu: miaka ya damu kidogo kwenye mswaki, harufu ya kinywa iliyozoeleka nyumbani, na fizi zilizorudi nyuma taratibu hata meno yakaonekana marefu kuliko zamani. Jino lililotoboka humkesha mtu usiku, lakini ufizi unaoharibika humwacha alale. Ukimya huo ndio hatari yake.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu afya ya kinywa, iliyotolewa mwaka 2022, ilikadiria kuwa ugonjwa mkali wa fizi huwapata takriban asilimia 19 ya watu wazima duniani, yaani zaidi ya watu bilioni 1. Kwa hiyo si ugonjwa wa wazee pekee, wala wa nchi fulani pekee. Hata hivyo, namna unavyotambuliwa na kutibiwa hutegemea sana mahali mtu anapoishi.

Wilaya ya Kongwa, mashariki mwa Mkoa wa Dodoma, ni mfano unaofaa. Ni nchi ya nyanda kavu yenye msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Wakazi wake hulima mtama, uwele, mahindi, karanga na alizeti, na wengi hufuga. Soko la nafaka la Kibaigwa huwakutanisha wakulima na wafanyabiashara kutoka mbali, lakini vijiji vingi viko mbali na chumba cha meno, na wakati wa kiangazi maji huchotwa kwa taabu. Katika mazingira kama hayo mgonjwa hana budi kuamua: je, damu hii inatosha kumfanya aache shamba na kulipa nauli? Mhudumu wa zahanati naye ana swali lake: je, huyu anahitaji mafunzo ya kupiga mswaki tu, au apelekwe kusafishwa meno kwa kina? Makala hii inakusudia kuwasaidia wote wawili.

Ufizi wenye afya na mwanzo wa ugonjwa

Ufizi wenye afya umekaza, umelishika jino kama ukosi wa shati ulivyoishika shingo, na hautoki damu unapopigwa mswaki. Rangi yake si lazima iwe ya waridi. Kwa Waafrika wengi fizi zina madoa au ukanda wa rangi ya kahawia au nyeusi, na huo ni weusi wa asili kama ule wa ngozi. Mhudumu asiuhesabu kuwa ni ugonjwa. Kinachotafutwa ni mabadiliko: wekundu mpya, uvimbe, mng'ao, au ulaini mahali palipokuwa pamekaza.

Kati ya ufizi na jino kuna mfereji mwembamba wenye kina cha milimita 1 hadi 3. Chini ya mfereji huo nyuzi imara hulifunga jino na mfupa wa taya. Ugonjwa huanza pale bakteria wanapojikusanya juu ya jino, kandokando ya ufizi, na kufanya utando laini wenye rangi ya maziwa. Utando huo huitwa ukoga. Ukoga huondoka kwa mswaki. Usipoondolewa, chumvi za kalsiamu zilizomo katika mate huugeuza kuwa mgumu kama jiwe, kazi inayoweza kukamilika katika muda wa wiki mbili hivi. Huo mgumu ndio ugaga, na hauondoki kwa mswaki wowote. Ugaga hupenda kujijenga nyuma ya meno ya mbele ya chini na upande wa shavu wa magego ya juu, kwa kuwa hapo ndipo mate yanapomwagikia kinywani.

Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, walichapisha jaribio ambalo hadi leo ni msingi wa somo hili. Watu 12 wenye fizi nzima waliacha kabisa kusafisha meno. Baada ya siku 10 hadi wiki tatu hivi, fizi za wote 12 zilikuwa zimevimba. Waliporudia kusafisha, zilipona ndani ya wiki moja hivi. Hatua hiyo ya uvimbe wa fizi peke yake huitwa jinjivitisi. Mafunzo yake ni mawili: kwamba chanzo ni ukoga, na kwamba katika hatua hii uponyaji ni kamili, kwa sababu nyuzi na mfupa havijaguswa.

Kutoka kwenye ufizi hadi kwenye mfupa

Kwa baadhi ya watu uvimbe huo huvuka mpaka. Mwili, katika kupambana na bakteria, huharibu nyuzi zake wenyewe na kuula mfupa unaolishika jino. Mfereji huzidi kina na kuwa mfuko, ukoga na ugaga hujificha ndani yake, na mswaki haufiki tena. Hatua hii huitwa periodontitisi. Mfupa uliopotea kwa kawaida haurudi. Tiba husimamisha uharibifu na kuokoa kilichobaki. Ndiyo maana tofauti kati ya hatua hizi mbili ni jambo la msingi kwa mgonjwa: ya kwanza hupona kwa mkono wake mwenyewe, ya pili haiponi bila mkono wa mtaalamu.

Je, kila mwenye fizi zinazovimba atafikia huko? Jibu ni hapana. Nchini Sri Lanka, wafanyakazi 480 wa kiume wa mashamba ya chai, waliokuwa hawana desturi ya kupiga mswaki wala huduma ya meno, walifuatiliwa kwa miaka 15, kuanzia mwaka 1970 hadi 1985. Asilimia 8 walipoteza vishikizi vya meno kwa kasi kubwa, asilimia 81 kwa kiasi cha wastani, na asilimia 11 hawakuvuka kamwe hatua ya uvimbe wa fizi. Karibu zaidi na Kongwa, uchunguzi wa watu zaidi ya 1,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 katika Wilaya ya Machakos, Kenya, uliochapishwa mwaka 1988, ulionyesha kuwa ukoga na ugaga vilikuwa vimeenea karibu kwa kila mtu, lakini mifuko yenye kina ilikuwa katika sehemu chache za meno. Watafiti wake walihitimisha kwamba uharibifu mkubwa si hatima ya lazima ya fizi zilizovimba.

Matokeo hayo yana maana ya moja kwa moja kwa mhudumu wa vijijini. Ugaga mwingi unaoonekana kwa macho si kipimo cha ukubwa wa ugonjwa. Mtu anaweza kuwa na ugaga mwingi na mfupa mzima, na mwingine akawa na ugaga kidogo na mifuko mirefu. Hivyo uamuzi wa kusafisha kwa kina hutokana na kupima.

Dalili ambazo mgonjwa anaweza kuziona mwenyewe

Dalili za mwanzo ni damu wakati wa kupiga mswaki au kuuma tunda gumu, wekundu na uvimbe kandokando ya meno, na harufu mbaya ya kinywa isiyoondoka hata baada ya kusafisha.

Dalili zinazoashiria kuwa ugonjwa umeshuka chini ni hizi:

– meno kuonekana marefu, au mzizi kuonekana;
– nafasi mpya kati ya meno, au chakula kunasa mahali ambapo zamani hakikunasa;
– meno ya mbele kusogea au kujitokeza nje;
– usaha kutoka ufizi unapobonyezwa;
– jino kulegea, au mgonjwa kuhisi kwamba meno hayakutani kama yalivyokuwa;
– jipu la ufizi linalopona na kurudi mahali pale pale.

Kuna jambo moja linalopotosha. Kwa mvutaji wa sigara, tumbaku hupunguza damu ya fizi, hivyo fizi zake zinaweza kuonekana kavu na tulivu huku mfupa ukiisha. Kutotoka damu kwa mvutaji si ushahidi wa afya.

Walio katika hatari zaidi

Tumbaku ndiyo sababu kubwa inayoweza kuepukwa. Ugoro unaowekwa kinywani nao huudhuru ufizi na utando wa kinywa pale unapokaa.

Kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana. Sukari isiyodhibitiwa huongeza kasi ya kupotea kwa mfupa, na fizi zenye maambukizi hufanya sukari kuwa ngumu kudhibiti. Tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba kusafisha meno kwa kina huteremsha kipimo cha sukari cha HbA1c kwa takriban nukta 0.4 za asilimia baada ya miezi mitatu hadi minne. Kwa hiyo kliniki ya kisukari isiyouliza habari za fizi imeacha sehemu ya tiba. Vilevile, mtu mzima mwenye mifuko mingi au majipu ya fizi yanayojirudia apimwe sukari, hata kama hajawahi kuambiwa kuwa anayo.

Wajawazito huvimba fizi kwa urahisi kwa sababu ya mabadiliko ya homoni, na wengine huota kinyama chekundu kinachotoka damu kati ya meno. Kinyama hicho si saratani, na mara nyingi hunywea baada ya kujifungua, lakini daktari wa meno anapaswa kukiona. Kusafisha meno wakati wa ujauzito ni salama. Kipindi chenye nafuu zaidi kwa mama ni miezi ya katikati.

Watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, hasa wasio katika dawa, wanaweza kupata ugonjwa wa fizi wenye vidonda na maumivu makali. Baadhi ya dawa, kama fenitoini ya kifafa na nifedipini au amlodipini za shinikizo la damu, huweza kuzifanya fizi zinenepe na kufunika meno. Mgonjwa asiache dawa hizo kwa uamuzi wake, amweleze aliyemwandikia. Mwisho, mtu ambaye mzazi au ndugu yake alipoteza meno mapema kwa kulegea aangaliwe kwa makini zaidi, kwa kuwa wepesi wa kupata ugonjwa huu una upande wa kurithi.

Kuchunguza: kwa mhudumu wa afya

Katika zahanati isiyo na vifaa vya meno, mambo matatu yanawezekana. Kwanza ni kuuliza: "Mama, ukipiga mswaki damu hutoka? Kuna jino linalocheza? Kuna ladha mbaya au usaha?" Pili ni kuangalia kwa mwanga mzuri, kuvuta midomo na mashavu, na kubonyeza ufizi kwa kidole chenye glovu ili kuona kama usaha unatoka. Tatu ni kujaribu kama jino linacheza, kwa kulishika kati ya vishikio viwili vya vifaa safi na kulisukuma polepole nje na ndani.

Penye chumba cha meno, kipimo cha WHO hutoa jibu lililo wazi zaidi. Ni kijiti chembamba cha chuma chenye kitufe cha nusu milimita kwenye ncha na ukanda mweusi kuanzia milimita 3.5 hadi 5.5. Huingizwa taratibu kati ya jino na ufizi kwa nguvu ya gramu 20 hadi 25, yaani nguvu ambayo ncha hiyo ikiwekwa chini ya ukucha wa kidole gumba haitaumiza. Kinywa hugawanywa sehemu sita, tatu juu na tatu chini, na kila sehemu huandikiwa hali mbaya zaidi iliyoonekana.

Ukanda mweusi ukionekana wote na damu isitoke, sehemu hiyo ni nzima. Ukionekana wote lakini damu ikatoka, ni uvimbe wa fizi. Mafunzo ya usafi yanahitajika. Ugaga ukihisiwa huku ukanda bado ukionekana wote, uondolewe kwa usafishaji wa kawaida. Ukanda ukizama nusu, kuna mfuko wa milimita 4 au 5. Ukizama wote usionekane, mfuko una milimita 6 au zaidi. Hali hizi mbili za mwisho zinahitaji uchunguzi kamili wa kila jino na, inapowezekana, picha ya eksirei ili kuona mfupa umebaki kiasi gani.

Usafishaji wa kawaida na usafishaji wa kina

Maneno haya mawili huchanganywa mara nyingi, na mchanganyiko huo humgharimu mgonjwa. Usafishaji wa kawaida huondoa ukoga, ugaga na madoa yaliyo juu ya ufizi. Huchukua muda mfupi, na kwa kawaida hauhitaji ganzi. Usafishaji wa kina hushuka chini ya ufizi, ndani ya mfuko, hadi kwenye mzizi. Hukwangua ugaga uliojificha na kuuacha mzizi ukiwa safi ili ufizi uweze kuushika tena. Wa kwanza ni kinga na tiba ya uvimbe. Wa pili ni tiba ya periodontitisi.

Usafishaji wa kina unahitajika endapo:

– kuna mifuko ya milimita 4 au zaidi inayotoka damu, pamoja na dalili za kupotea kwa vishikizi au mfupa;
– kuna ugaga unaohisiwa chini ya ufizi ndani ya mifuko hiyo;
– usaha unatoka kwenye mfuko;
– eksirei inaonyesha mfupa umeshuka;
– usafishaji wa kawaida na mswaki mzuri wa wiki kadhaa haukuondoa damu, na kipimo kinaonyesha mfuko.

Hauhitajiki pale ambapo mifereji yote ni ya milimita 3 au chini, hata kama fizi zinatoka damu. Wala hauhitajiki kwa sababu ya madoa peke yake. Madoa ya kahawia yaliyo ndani ya jino lenyewe, yanayotokana na floraidi nyingi katika maji ya kunywa utotoni, yanajulikana sana Arusha na maeneo mengine ya Bonde la Ufa. Si ugaga, na kuyakwangua ni kuliumiza jino bure. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: "Daktari, mifuko yangu ina milimita ngapi, na iko kwenye meno gani?" Swali hilo si utovu wa adabu. Anayependekeza usafishaji wa kina anapaswa kuwa na jibu lake.

Kabla ya kuanza, mgonjwa aeleze kama ana vali ya moyo ya bandia au aliwahi kuugua maambukizi ya ndani ya moyo, kama anatumia dawa za kuyeyusha damu kama wafarini, kama ana ugonjwa wa damu kutoganda, kisukari, au ujauzito. Baadhi ya wenye matatizo ya moyo huhitaji antibiotiki kabla ya kazi yoyote inayotoa damu kwenye fizi.

Kazi yenyewe hufanywa kwa ganzi, mara nyingi kwa awamu, upande mmoja au robo moja ya kinywa kwa siku. Tabibu hutumia vikwangulio vya mkono, au mashine ya mtetemo inayotoa maji, au vyote viwili. Mashine huharakisha kazi, lakini vikwangulio vya mkono katika mkono uliofundishwa vizuri huleta matokeo yaliyo sawa. Kwa hospitali ya wilaya hii ni habari njema: kukatika kwa umeme au kuharibika kwa mashine hakuzuii tiba.

Baada ya hapo fizi huuma kidogo kwa siku chache. Meno yanaweza kusisimka kwa maji ya baridi kwa wiki kadhaa. Uvimbe ukiisha, fizi hunywea, na nafasi kati ya meno huonekana kubwa zaidi. Mgonjwa aambiwe haya mapema, maana asipoambiwa atadhani ameharibiwa. Baada ya miezi mitatu hivi mifuko hupimwa tena. Iliyopona hulindwa kwa kusafishwa mara kwa mara, kila baada ya miezi mitatu hadi kumi na miwili kulingana na hatari ya mtu. Mifuko ya milimita 6 au zaidi inayobaki huweza kuhitaji upasuaji mdogo wa fizi, na hapo rufaa ya kwenda Dodoma mjini ina sababu.

Dhana tatu zinazopoteza meno

Dhana ya kwanza ni kwamba fizi zikitoka damu, mswaki uachwe. Hali ni kinyume chake. Damu hutoka kwa sababu ukoga umebaki. Kuacha mswaki ni kuulisha ugonjwa. Mtu atumie mswaki laini, apite taratibu kandokando ya ufizi, na damu ya uvimbe wa kawaida itapungua ndani ya wiki moja au mbili. Isipopungua, amwone mtaalamu.

Dhana ya pili ni kwamba kusafishwa meno hulegeza meno. Ugaga mwingi huweza kuyashikanisha meno kama udongo unavyozishikanisha nguzo zilizooza chini. Ukiondolewa, ulegevu uliokuwapo hudhihirika. Kilicholegeza ni mfupa kupotea, na ugaga ndio uliohifadhi bakteria walioupoteza.

Dhana ya tatu ni kwamba jino linalocheza halina dawa ila koleo. Jino lililolegea kidogo au kwa wastani mara nyingi hukaza baada ya kusafishwa kwa kina. Ni kweli kwamba lililopoteza karibu mfupa wake wote hung'olewa. Lakini uamuzi huo ufanywe baada ya kupima. Jino lililong'olewa haliachi pengo la sura peke yake. Mzee aliyepoteza magego hawezi tena kutafuna karanga wala nyama, na chakula chake huwa ni kile laini tu.

Dawa za dukani na mipaka yake

Mgonjwa mwenye damu na harufu ya kinywa mara nyingi huanzia duka la dawa, akanunua metronidazoli au amoksilini. Nafuu hupatikana kwa siku chache, kisha hali hurudi, kwa sababu ukoga na ugaga bado vimo ndani ya mfuko na dawa haivikwangui. Antibiotiki zina mahali pake: jipu lenye homa au uvimbe unaoenea, ugonjwa wa fizi wenye vidonda, na wagonjwa wachache waliochaguliwa na mtaalamu. Kuzitumia kwa kila damu ya fizi ni kuzalisha usugu wa bakteria.

Dawa ya kusukutua ya kloheksidini husaidia kwa muda mfupi, hasa pale maumivu yanapozuia mswaki, lakini ikitumika kwa wiki nyingi huyatia meno rangi na kubadilisha ladha. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi hutuliza. Hakuna kati ya hivi kinachoshika nafasi ya mswaki, wala ya kusafishwa kwa kina pale kunapohitajika.

Usafi wa kinywa penye uhaba wa maji

Kongwa ina somo lake yenyewe katika jambo hili. Kuanzia miaka ya 1980 wilaya hiyo imekuwa mahali pa tafiti maarufu za trakoma, ugonjwa wa macho uletao upofu. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya kampeni ya kunawisha watoto nyuso katika vijiji vya Kongwa: watoto walioendelea kuwa na nyuso safi walikuwa na hatari ndogo ya trakoma kali. Kazi hiyo ilifanyika katika nchi kavu, kwa familia zilizopima kila ndoo. Kilichohitajika kwa uso wa mtoto ni maji machache na mazoea ya kila siku.

Kinywa ni hivyo hivyo. Kikombe kimoja cha maji kinatosha kwa mtu mmoja. Dawa ya meno yenye floraidi hufanya kazi vizuri zaidi povu likitemwa bila kusukutua kwa maji mengi, hivyo ushauri bora wa kitabibu ndio pia unaookoa maji. Meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku, kwa dakika mbili, na mara moja ya hizo iwe kabla ya kulala. Kati ya meno, ambako ndiko ugonjwa huanzia mara nyingi, patumike uzi wa meno au miswaki midogo ya katikati ya meno inapopatikana.

Mswaki wa mti, uliolipa jina lake kifaa hiki, haupaswi kudharauliwa. Uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi wa shule nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka 1992 ulihusu uwezo wake wa kusafisha. Ukitumiwa kwa maelekezo mazuri unaweza kuondoa ukoga kama mswaki wa dukani. Ncha itafunwe hadi iwe laini, ikatwe ikichakaa, na ipitishwe pia upande wa ndani wa meno, mahali ambapo watumiaji wengi husahau. Mkaa, majivu na mchanga viachwe; husugua jino na kuukwaruza ufizi.

Dalili zisizongoja

Mgonjwa apelekwe siku hiyo hiyo endapo uvimbe wa ufizi umeenea usoni au shingoni, kinywa hakifunguki, kumeza au kupumua ni shida, au kuna homa kali. Fizi zinazotoka damu zenyewe bila kuguswa, zikiambatana na michubuko mwilini, uchovu au homa ya muda mrefu, huashiria ugonjwa wa damu; kipimo cha damu kitangulie kusafisha. Kidonda au uvimbe wa ufizi usiopona kwa wiki mbili uchunguzwe kwa hofu ya saratani.

Kwa mtoto mwenye utapiamlo, au aliyetoka kuugua surua, fizi zenye vidonda, harufu kali na utando wa kijivu ni dharura. Huweza kuwa mwanzo wa noma, ugonjwa unaokula shavu na taya kwa siku chache, ambao WHO iliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mnamo Desemba 2023. Ukigunduliwa katika hatua ya fizi, antibiotiki, usafi wa kinywa na chakula bora huweza kuuzuia.

Maswali ya kujipima

1. Mwanamke mwenye mimba ya miezi mitano analalamika kutoka damu kwenye fizi. Mifereji yake yote ni ya milimita 3 au chini, na kuna ugaga nyuma ya meno ya chini. Afanyiwe nini?

Jibu: Huu ni uvimbe wa fizi. Afundishwe kupiga mswaki na asafishwe kwa njia ya kawaida sasa, bila kungoja ajifungue. Usafishaji wa kina hauhitajiki.

2. Mkulima wa miaka 45 anayevuta sigara ana meno mawili ya mbele yaliyoanza kuachana. Hatoki damu. Anataka dawa tu arudi shambani.

Jibu: Asipewe antibiotiki. Kutotoka damu kwa mvutaji hakumaanishi afya, na meno kusogea ni dalili ya mfupa kupotea. Apimwe mifuko, apimwe sukari, na apewe rufaa ya chumba cha meno kwa maandishi yanayoeleza kilichoonekana, ili safari yake isiwe ya bure. Ashauriwe kuacha tumbaku, kwa kuwa mvutaji hupona kwa shida hata akisafishwa vizuri.

3. Bibi wa miaka 60 mwenye kisukari alisafishwa meno kwa kina miezi mitatu iliyopita. Damu imekoma, lakini anasema meno yanasisimka na yameachana, naye anajuta.

Jibu: Aelezwe kwa upole kwamba fizi zimenywea kwa sababu uvimbe umekwisha. Mifuko ipimwe tena, apewe dawa ya meno ya kupunguza msisimko, sukari yake iangaliwe, na apangiwe tarehe ya kurudi kusafishwa. Akipotea baada ya hapo, ugaga utarudi, na sehemu ya faida aliyokwisha kuipata itapotea pamoja naye.